Kombe la Dunia linapoingia nyumbani wakati wa mavuno

Alhamisi ya Juni 11, saa 4 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Mexico na Afrika Kusini zinafungua Kombe la Dunia la mwaka 2026 katika uwanja wa Azteca, jijini Mexico City. Saa hiyohiyo, katika kata ya Mchombe, Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba mkoani Morogoro, mpunga uliokatwa mchana utakuwa umelundikwa shambani ukisubiri kupigwa. Mwenye nao atakuwa na mawazo mawili: abaki huko kuulinda, au apande baiskeli arudi nyumbani kwenye runinga.

Mashindano ya mwaka huu ni makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Timu ni 48 badala ya 32, mechi ni 104 badala ya 64, na wenyeji ni nchi tatu: Marekani, Canada na Mexico. Yatadumu siku 39, mpaka Jumapili ya Julai 19. Kwa mtu wa mjini anayelipwa mshahara, hizo ni siku 39 za burudani. Kwa familia ya bonde la Kilombero ndizo siku ambazo jasho la tangu Novemba linageuka kuwa magunia, na magunia yanageuka kuwa fedha. Kila uamuzi wa nyumbani katika wiki hizo una uzito wake, hata ule unaoonekana mdogo wa nani akae wapi kuangalia mpira.

Ndiyo maana jambo hili ni la kuzungumzwa na familia nzima kabla mpira haujaanza. Likiachwa kwa baba na rimoti yake, au kwa vijana na simu zao, mwisho wa Julai litazua maswali ambayo hayana majibu mazuri.

Saa za Marekani, usingizi wa Kilombero

Kombe la Dunia la mwaka 2022 halikumsumbua mtu usingizi. Lilichezwa Qatar, nchi ambayo saa zake ni sawa na za Tanzania. Mechi za makundi zilianza saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku na saa 4 usiku. Fainali ya Desemba 18, ile ya Argentina na Ufaransa iliyokwenda 3-3 hadi Argentina ikashinda kwa penalti 4-2, ilianza saa 12 jioni. Mtoto wa darasa la tatu aliweza kuiona yote, akala, akalala.

Safari hii hali ni tofauti. Saa za New York ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa saba, za Mexico City kwa saa tisa na za Los Angeles kwa saa kumi. Mechi ya saa 9 alasiri huko New York itaonekana Mchombe saa 4 usiku. Ya saa 12 jioni itaonekana saa 7 usiku. Ya saa 3 usiku itaonekana saa 10 alfajiri, jogoo wakianza kuwika. Zipo hata zile za pwani ya magharibi zitakazoanza saa 1 asubuhi, wakati watu wameshashika mundu.

Mifano miwili inatosha. Brazil na Morocco wanakutana Jumamosi ya Juni 13 kwa saa za huko, lakini kwa Tanzania itakuwa saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili. Ufaransa na Senegal ni Jumanne ya Juni 16, saa 4 usiku. Hizi ni mechi ambazo hakuna mpenzi wa mpira atakayetaka kuzikosa. Senegal ndiyo iliyoifunga Ufaransa 1-0 mwaka 2002 ikiwa inacheza fainali zake za kwanza, na Ufaransa ilikuwa bingwa mtetezi. Morocco ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, mwaka 2022, baada ya kuwatoa Hispania na Ureno.

Lakini mtu aliyekesha mpaka saa 9 usiku kisha akaamka saa 11 kwenda shambani hafanyi kazi ya mtu mzima. Hukata mpunga vibaya, hujikata na mundu, hugombana na mke kwa jambo dogo. Akirudia siku tatu mfululizo, kazi ya wiki moja inakula wiki mbili, na mpunga uliokauka ukichelewa kukatwa hudondosha punje chini. Ndege hawaangalii mpira; kazi ya kuamia inamtaka mtu aliye macho tangu alfajiri.

Watoto ndio zaidi. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka ya sekondari saa 8 hadi 10. Sehemu ya mashindano itaangukia likizo ya katikati ya mwaka, hivyo mzazi anaweza kulegeza kamba kidogo. Shule zikifunguliwa Julai, hatua za mwisho za mashindano zitakuwa zimepamba moto, na hapo ndipo sheria ya nyumba itakapopimwa.

Njia rahisi ni kuchagua. Familia ikae na ratiba, ichukue kalamu, iweke alama kwenye mechi ambazo kila mtu anaruhusiwa kukesha, labda mbili kwa wiki, pamoja na nusu fainali na fainali. Nyingine ziangaliwe marudio yake kesho yake. Marudio hayapunguzi furaha kama watu wanavyodhani. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu aliposhinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia jijini Tokyo, ilikuwa asubuhi Japan na usiku wa manane Tanzania. Alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, kwa muda wa saa 2:09:48, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Watanzania wengi walikuwa usingizini, wakaiona asubuhi, na waliruka vilevile.

Runinga ya mmoja, mechi ya wote

Vijijini, kuwa na runinga si sawa na kuwa na kabati. Kabati ni la mwenye nyumba. Runinga siku ya mechi kubwa ni ya mtaa mzima. Wanakuja majirani, wanakuja vibarua waliofika kuvuna kutoka mbali, wanakuja watoto ambao hata majina yao hayajulikani. Stuli zikiisha wanakaa kwenye ndoo zilizofudikizwa, zikiisha ndoo wanasimama dirishani.

Desturi hii ni nzuri, na ina historia. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973. Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994 vituo vya binafsi vilipoanza. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, bara nzima haikuwa na kituo cha televisheni. Habari ilikuja kwa redio. Taifa Stars ilipocheza fainali za Afrika mwaka 1980 huko Nigeria, ilikuwa vilevile. Wazee wa leo walijifunza kusikiliza mpira kwa kukusanyika kwenye redio ya jirani mmoja. Wajukuu zao wanakusanyika kwenye kioo cha jirani mmoja, na heshima inayotakiwa ni ileile.

Tatizo huanza pale ambapo mwenye nyumba anapokea wageni na mama mwenye nyumba ndiye anayebeba mzigo. Chukulia baba anaingia jioni na kusema, "Mama Fulani, leo Senegal wanacheza, watu watakuja." Mama anauliza, "Baba Fulani, wangapi?" Baba anajibu, "Wachache tu." Saa 4 usiku wachache hao ni ishirini na watano. Mtungi wa maji umeisha, choo kimechafuka, mtoto mdogo hawezi kulala kwa kelele, na mwenye nyumba mwenyewe hajui kwamba mkewe ameketi jikoni peke yake akisubiri watu waondoke ili atandike godoro la watoto pale sebuleni walipolala siku zote.

Mama huyo hakatai wageni. Anataka kuambiwa mapema na kusikilizwa. Nyumba nyingi zenye busara zina utaratibu usioandikwa: runinga inatolewa kibarazani ili sebule ibaki ya watoto, kila anayekuja anakuja na kiti chake au mkeka wake, vijana wawili wanapewa kazi ya kuchota maji kabla ya mechi, na mechi ikiisha, watu wanaaga bila kungoja uchambuzi. Mgeni anayejua adabu huleta chochote, hata kama ni mafungu mawili ya karanga. Asiye nacho huja na mkono wake, akafagia asubuhi.

Lipo pia suala la matusi. Kwenye kibanda umiza mtu hulipa kiingilio chake na kusema anachotaka. Nyumbani mwa watu, mbele ya bibi na watoto, ulimi una mipaka. Utani wa Simba na Yanga unaruhusiwa, maana bila huo mpira hauna chumvi, na safari hii hata hao wawili watakaa upande mmoja Senegal au Ghana ikicheza. Lakini mwenye nyumba ana haki ya kumwambia mtu mzima, kwa upole, "Ndugu yangu, hapa kuna mama zetu," na huyo ndugu ana wajibu wa kuomba radhi.

Fedha za mavuno zisiliwe na mpira

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Fainali za Afrika zinapochezwa Januari, mkulima wa Kilombero yuko kwenye palizi, mfuko umekauka, hana cha kupoteza. Kombe la Dunia la Juni na Julai linamkuta ana mpunga. Na mpunga wa Juni ni rahisi kuuza kwa sababu wanunuzi wamejaa, lakini bei yake ndiyo ya chini kwa mwaka mzima, kwani kila mtu anauza.

Chukulia gunia lenye thamani ya Sh70,000 wakati wa mavuno linafika Sh110,000 miezi ya Januari na Februari. Baba anayeuza magunia matatu Juni ili anunue runinga kubwa na king'amuzi kipya kabla ya ufunguzi anapata Sh210,000. Angesubiri, yangempa Sh330,000. Maana yake ni kwamba runinga ile imemgharimu Sh120,000 zaidi ya bei aliyoilipa dukani. Fedha hizo ni sare, madaftari na mbegu. Mwenye kuuza mpunga ungali mbichi shambani ili apate fedha ya haraka, huyo hasara yake ni kubwa zaidi.

Umeme wenyewe si tatizo kama wengi wanavyofikiri. Runinga ya kisasa inayotumia wati 50 hutumia uniti moja kwa saa 20. Mtu akiangalia mechi zote 104, kila moja kwa saa mbili, atakuwa amewasha saa 208, ambazo ni uniti kumi na kidogo kwa mashindano yote. Kinachokula fedha ni kifurushi cha king'amuzi, na hapo busara ni kuuliza mapema: ni chaneli ipi itaonyesha mechi, zote au baadhi, na kwa kifurushi kipi. Wapo waliowahi kulipia kifurushi cha mwezi na kugundua usiku wa mechi kwamba chaneli waliyoitaka haimo. Nyumba nne zenye kuelewana zinaweza kuchangia kifurushi cha nyumba moja, na kila moja ikatoa kiasi ambacho hakitaonekana.

Anayetegemea sola naye apime betri yake. Betri inayowasha taa mbili na kuchaji simu mpaka asubuhi inaweza isiwashe runinga hata dakika 90, na kuimaliza kabisa kila usiku ni kuiua.

Kisha kuna mikeka. Vijana wa leo hawaangalii mechi kwa macho matupu. Simu iko mkononi, na kwenye simu kuna mkeka. Wengine si vijana, ni baba zao. Kubeti kunaruhusiwa kisheria kwa mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, chini ya usimamizi wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kwa mtoto ni marufuku, na mzazi anayemtuma mwanawe wa darasa la saba amwekee mkeka kwa sababu "yeye anaijua simu" anamfundisha njia ambayo hatajua kumrudisha.

Hesabu ya mikeka ni fupi. Sh1,000 kwa kila mechi inaonekana ndogo. Kwa mechi 104 ni Sh104,000, thamani ya gunia zima na zaidi. Na mkeka wa mechi tano, hata kama kila mechi ina nafasi nusu kwa nusu, hushinda mara moja tu katika mara 32. Mara 31 zilizobaki unachanika. Anayesimulia kijiweni ni yule aliyeshinda. Waliochaniwa hunyamaza, na wake zao huona pengo kwenye ghala bila kuelezwa limetoka wapi.

Familia inayotaka amani hukubaliana kabla: magunia ya chakula yahesabiwe, ya ada na mbegu yatengwe, ya kuuza sasa na ya kusubiri bei yajulikane kwa mume na mke wote. Burudani ipewe fungu lake, dogo na la wazi. Hakuna mwanamke atakayelalamikia fungu alilolikubali. Ugomvi wa nyumba nyingi unatokana na gunia lililoondoka usiku.

Anayeosha vyombo naye ana macho

Ukipita uani wakati wa mechi, mara nyingi picha ni moja. Wavulana wako mbele ya runinga na baba yao. Wasichana wako kwenye karo na masufuria, au wanapepeta mchele wa kesho, au wanapeleka maji ya kunywa kwa wageni na kuambiwa "pita haraka, unaziba". Bao likifungwa wanasikia kelele, wanauliza nani kafunga, hakuna anayewajibu.

Mzazi anayedhani mpira ni wa wavulana akumbuke hili: Taifa Stars haijawahi kucheza fainali za Kombe la Dunia. Wasichana wa Tanzania wamecheza. Oktoba 2022, timu ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia la umri huo. Ilifungwa 4-0 na Japan katika mechi ya kwanza, na wengi nyumbani wakakata tamaa. Ikaamka ikaifunga Ufaransa 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Canada, ikaingia robo fainali, ambako Colombia iliitoa kwa mabao 3-0. Walikuwa watoto wa umri wa wale wanaoosha vyombo uani.

Siku ya mechi, kazi zigawanywe upya. Chakula kipikwe mapema, wavulana waoshe vyombo kabla ya filimbi ya kwanza, na mkeka wa mbele ukaliwe na watoto wote. Kaka aliyewahi kusugua sufuria la ugali ili dada yake awahi mechi atakuwa mume tofauti baadaye. Na binti anayekaa karibu na baba yake, akimuuliza kwa nini lile bao limekataliwa na akajibiwa kwa uvumilivu, anajifunza kwamba anaweza kumuuliza baba yake mambo mengine pia. Kuna mabinti ambao nafasi ya kuzungumza na baba zao haipatikani kwa mwaka mzima isipokuwa hiyo.

Wanawake watu wazima nao wasisahauliwe. Si kila mama anataka kuangalia mpira, na hilo si kosa. Runinga ni moja, na kuna tamthilia yake ya saa 2 usiku. Ratiba ya safari hii inamsaidia: mechi nyingi zitaanza saa 4 usiku au baadaye, hivyo siku nyingi tamthilia itaisha kabla. Rimoti ikipita mkono kwa mkono kwa amani, mpira utapata wafuasi ambao haukuwa nao.

Mbu hawana mapumziko

Kuna hatari moja ambayo watu wa bonde hili wanaijua kuliko wote na kuisahau kuliko wote wakati wa mechi. Ni mbu. Ifakara, mwendo wa saa chache kutoka Mchombe, ndiko ilikoanzia maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950 ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, moja ya vituo vikubwa vya utafiti wa malaria barani Afrika. Haikuwekwa hapo kwa bahati; bonde la mto na mashamba ya mpunga ni makazi ya mbu.

Vyandarua vimeokoa watoto wengi katika bonde hili tangu vilipoanza kusambazwa kwa wingi miaka ya 1990. Lakini chandarua hakimlindi mtu aliyeketi kibarazani saa 6 usiku akingojea muda wa nyongeza. Watafiti wa Ifakara wameonyesha kwamba baadhi ya mbu wa malaria huuma watu wakiwa nje, kabla hawajalala. Na mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye sasa ndiye anayesambaza sehemu kubwa ya malaria bondeni, hupendelea maji yanayodumu muda mrefu, hivyo mvua zikiisha yeye bado yupo. Juni haina maana kwamba hatari imepita.

Hivyo runinga ikiwekwa kibarazani, watu wavae nguo ndefu, wafunike miguu, wajipake dawa ya kufukuza mbu wakiweza. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wawe ndani ya chandarua mapema, hata kama bibi anasema mtoto hajasinzia. Mtoto aliyelala mkekani wakati wa mechi asiachwe hapo mpaka penalti ziishe. Abebwe. Bao linaweza kuonyeshwa tena, lakini homa ya mtoto katikati ya mavuno ni safari ya hospitali, ni siku za kazi, na wakati mwingine ni zaidi ya hapo.

Faida ambayo haipimwi kwa gunia

Baada ya maonyo yote hayo, inafaa kusema kwa nini mpira uangaliwe nyumbani na si kukatazwa. Kijana asiyepewa nafasi nyumbani ataipata kibanda umiza, na saa 7 usiku kibanda umiza si mahali pa kijana wa miaka kumi na tano. Barabara ni giza, pombe iko karibu, na wanaocheza kamari wako wazi. Baba anayemfungulia mwanawe mlango na kukaa naye amejua mwanawe yuko wapi.

Runinga pia ni darasa. Mtoto anayeuliza Cape Verde iko wapi, kwa nini visiwa vidogo hivyo vimefuzu na Tanzania haijafuzu, ameuliza jiografia, historia na siasa kwa swali moja. Anayejiuliza kwa nini Marekani ni mchana wakati Mchombe ni usiku, ameshafungua mlango wa sayansi. Hata umeme unaowasha kioo hicho una somo lake: kituo cha Kihansi chenye megawati 180 kiko kwenye milima iliyo juu ya bonde hilihili, na maji ya mto Kilombero yanayopita kando ya mashamba huenda kuungana na Rufiji, na kufika kwenye bwawa la Julius Nyerere.

Na kuna uzoefu wa kushindwa pamoja. Januari 21, 2024, Taifa Stars iliongoza dhidi ya Zambia kwa bao la mapema la Simon Msuva, ikabaki na uongozi mpaka dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha. Nyumba nyingi zilinyamaza. Miaka miwili baadaye, kule Morocco, timu hiyohiyo ilivuka hatua ya makundi ya fainali za Afrika kwa mara ya kwanza ikiwa na pointi mbili tu, kisha Januari 4, 2026 ikatolewa 1-0 na wenyeji. Mtoto aliyeziona zote mbili akiwa na baba yake amejifunza kwamba mtu huumia, hulala, huamka, na hurudi tena. Hakuna mahubiri yatakayomfundisha vizuri zaidi, na somo hilo atalihitaji mwaka ambao mafuriko yatachukua mpunga.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa fainali za Afrika. Wachache wa Mchombe watafika uwanjani. Wengi wataangalia palepale wanapoangalia sasa. Utaratibu ambao familia itauweka mwaka huu ndio itakaokuwa nao mwakani, wakati timu inayocheza itakuwa ya nyumbani na hisia zitakuwa juu zaidi.

Fainali ya mwaka huu itaanza saa 4 usiku, Jumapili ya Julai 19, katika uwanja ulio karibu na New York. Iangaliwe na wote, na bibi akitaka aamshwe. Jumatatu asubuhi kuna mpunga wa kuanika, na kabla ya kuutandaza kwenye turubai ni vizuri mume na mke waingie ghalani pamoja, wahesabu magunia, na idadi iwe ileile waliyokubaliana Juni.